Usukani unapotetema: habari ya gari yetu ya chama

Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Komite imetuomba sisi wa timu ya tereni tueleze habari ya gari. Wengi wenu mmeuliza, wengine mmeuliza kwa ukali, na ni haki yenu. Pesa ilitoka mara ya kwanza, ikatoka mara ya pili, na gari bado ilikuwa inatetema. Leo tutasema mambo mawili. La kwanza, tulikosea wapi. La pili, namna mtu asiye fundi anavyoweza kuuchunguza usukani kabla ya kutoa hata dola moja. Hili la pili litakuwa refu zaidi, kwa sababu kati yenu wako walionunua gari ndogo za kubeba abiria, na viko vikundi vinavyofikiria kununua. Hatutaki mpite njia tuliyopita sisi.

Gari yenyewe mnaijua. Ni Land Cruiser ya zamani, tuliinunua ikiwa imeshafanya kazi miaka mingi, ikavushwa kutoka Tanzania. Usukani wake uko kulia kama gari zote za Kigoma, wakati hapa Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva wetu anakaa upande wa mtaro, na gari inayokuja mbele anaiona kwa shida akitaka kupita lori. Gari ya namna hiyo haitaki usukani wa kubahatisha.

Na sisi tulioipokea ni watu gani? Mwaka 1996 wengi wetu tulivuka ziwa tukiwa watoto, wengine mgongoni mwa mama. Tumekulia kambini, tumesoma kambini, tumerudi hapa watu wazima. Gari tulizozijua ni lori za chakula na basi za HCR, na hizo mtu alipanda tu, hakuzifungua. Hata wale kati yetu waliofika chuo kikuu, hakuna somo la tairi walilosoma. Tulipopewa ufunguo tulijua kuweka mafuta na kuosha. Huko ndiko makosa yalikoanzia.

TULIVYOKOSEA

Ilianza kidogo kidogo. Gari ikifika mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, usukani unatetema mkononi. Ukipunguza, unatulia. Dereva akatuambia. Tukaipeleka garaji. Fundi akaendesha mwenyewe dakika tano, akarudi akasema amortisa ya usukani imekufa, ile ambayo sisi wa Kigoma tunaita shokapu. Tukalipa dola 70 pamoja na kazi. Na kweli, gari ikatulia. Tukafurahi wiki mbili.

Wiki ya tatu ikarudi, tena kwa nguvu. Tukaenda garaji nyingine. Huyu fundi alikaa kwenye kiti, akauchezesha usukani kushoto na kulia, akaona unazunguka karibu upana wa kiganja kabla tairi halijasogea. Akasema: "Hii ni boksi. Boksi ya diresyo njo imeisha." Hakulala chini ya gari, na sisi hatukumwomba alale. Boksi za hapa nyingi ni za gari zenye usukani kushoto, haziingii kwenye yetu. Tukaagiza ya okazi kutoka mbali, tukangoja. Boksi, usafiri na kazi ya kuifunga vikatumia dola 380.

Boksi ikafungwa. Gari ikatetema vilevile.

Jumla ni dola 450. Katika hizo, 300 zilitoka kwenye fungu la wafadhili, na 150 ni michango yenu wanachama. Tunajua 150 hiyo imetoka wapi: mihogo iliyobebwa kichwani, sabuni, dagaa.

Halafu ikaja safari ya usiku. Wengine mlisikia, tuiseme kama ilivyokuwa. Tulikuwa tumembeba mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, tunampeleka hospitali ya Nundu. Hatukuwa na gari nyingine, na tulijidanganya kwamba boksi mpya itazoea. Tukaingia shimo moja, si kubwa. Matairi ya mbele yote mawili yakaanza kupigapiga kushoto na kulia, usukani ukamponyoka dereva. Akaachia mafuta, akaushika tena, akakanyaga breki polepole. Tulisimama tairi moja ikiwa kwenye ukingo wa mtaro. Yule mama hakupiga kelele. Alituuliza tu: "Wanangu, tumefika?"

Gari ya watu wengine ikampeleka. Alijifungua salama, yeye na mtoto wako wazima. Lakini sisi tuliobaki pale barabarani tulikubaliana jambo moja: hii gari haibebi tena mtu mpaka tujue ugonjwa wake, na tuujue kwa macho yetu wenyewe.

MZEE ALIYELALA CHINI

Kuna mzee mwanachama wetu, zamani alikuwa dereva wa lori. Hatukumwuliza mwanzoni kwa sababu si fundi wa garaji. Hilo nalo ni kosa letu. Tulipokwenda kwake alisema: "Musinunue tena kitu. Muniletee mutu moja wa kushika volan, mimi nilale chini nione."

Akatueleza neno moja ambalo ndilo tunataka mlibebe mkitoka hapa. Usukani ni safari. Mkono wa dereva unazungusha usukani, usukani unazungusha fimbo inayoshuka mpaka kwenye boksi, boksi inasukuma mkono wa chuma, mkono unasukuma fimbo, fimbo inageuza tairi moja, na fimbo nyingine ndefu inaivuta tairi ya pili. Kila panapoungana pana kiungo, kama goti la mtu. Ufuate mwendo kutoka mkononi hadi kwenye tairi. Pale mwendo unapokwama au kuchelewa, hapo ndipo penye ugonjwa.

Dereva akauchezesha usukani taratibu, injini imezimwa, ufunguo umegeuzwa kidogo ili usukani usijifunge. Mzee chini na tochi, akitutajia. "Fimbo ya volan inaenda. Mukono wa boksi unaenda nayo palepale." Maana yake boksi ilikuwa nzima, na ile ya kwanza tuliyoitoa huenda nayo ilikuwa nzima. "Fimbo ya kwanza inaenda. Tairi ya kwanza inageuka." Halafu akanyamaza kidogo. "Kujeni muone."

Tukalala wote kwa zamu. Kwenye ncha ya ile fimbo ndefu inayounganisha matairi mawili, kiungo kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kikombe chake kabla ya tairi ya pili kusogea. Fundi wa Kigoma anakiita tairodi, fundi wa Uvira anakiita rotile. Ni mpira mdogo wa chuma ndani ya kikombe, umefunikwa na kifuko cha raba ili grisi ikae na mchanga usiingie. Kifuko kilikuwa kimepasuka, ndani mchanga mtupu. Na kwenye nati yake, mahali pa pini ya kuizuia isifunguke, mtu alikuwa ameweka msumari, na msumari ulikuwa umebaki nusu.

Wandugu, ile nati ikifunguka, fimbo inaanguka, na tairi moja inakwenda inakotaka. Tulibeba watu miezi mingi juu ya nusu msumari.

Na ile amortisa ya kwanza ilisaidiaje wiki mbili? Kazi yake ni kupunguza mtetemo, si kuushika usukani. Ikiwa mpya inauficha ugonjwa, kama mtu anayekunywa dawa ya maumivu na kidonda kiko palepale. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kidogo tu kituumbue sisi.

GARI INASEMA NINI

Sasa tufike kwenye somo. Usiende garaji ukasema "usukani ni mbaya". Sema gari inafanya nini, lini, na kwa mwendo gani. Kila lalamiko lina njia yake.

Gari inavuta upande mmoja. Anza na upepo wa matairi. Tairi yenye upepo mdogo inaivuta gari upande wake. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi ubavuni mwa mlango wa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kama upepo uko sawa, badilisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia. Mvuto ukihama, ugonjwa uko kwenye tairi lenyewe. Usipohama, angalia breki: baada ya mwendo mfupi sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake, breki yake imeng'ang'ania.

Usukani unatetema ukifika mwendo fulani. Kwanza kaza nati za tairi. Pili, osha ndani ya rimu. Msicheke. Barabara yetu wakati wa mvua mnaijua. Tope linakauka ndani ya rimu upande mmoja, tairi linakuwa zito upande huo, na gari inatetema kama mtu mwenye homa. Ndoo moja ya maji imewahi kumwokolea mtu pesa nyingi. Kama bado inatetema, angalia kama rimu imepinda au tairi limevimba, halafu ndipo uende kwenye viungo.

Usukani ni mzito. Upepo tena. Ukiwa sawa, na gari ni ya usukani wa mafuta, fungua boneti utazame kidumu cha mafuta ya usukani na mkanda unaozungusha pampu yake. Mafuta yakipungua, yamevujia mahali. Tafuta mahali penyewe, usiongeze tu kila wiki. Pampu ikilia unapokata kona, mara nyingi ni dalili hiyohiyo. Na usishikilie usukani mpaka mwisho wa kona muda mrefu, unaichosha pampu.

Usukani unacheza, unazunguka bila tairi kusogea. Hiyo ilikuwa yetu. Fuata safari, kiungo baada ya kiungo.

Kuna mlio wa "ko, ko" ukipita mashimo. Ni kiungo, au bushi, au kitu kimelegea. Tafuta kwa mkono, kama tutakavyoeleza.

Na kabla ya yote, soma tairi zako. Tairi likilika upande wa ndani tu au wa nje tu, matairi hayatazami mbele sawasawa. Likilika pembeni zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika katikati, ulizidi. Tairi linaandika yote uliyolifanyia.

UCHUNGUZI WA NUSU SAA

Hauhitaji fundi, unahitaji watu wawili, jeki, magogo mawili magumu, na tochi.

Simamisha gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma. Kwanza ule mchezo wa usukani, gari ikiwa chini, kama mzee alivyofanya. Mmoja achezeshe kidogo kidogo, mwingine atazame. Anayetazama asiweke mkono kwenye viungo wakati usukani unasogea, unaweza kubanwa kidole.

Halafu inua tairi moja ya mbele kwa jeki, na uweke gogo chini ya ekseli kabla ya kitu chochote. Jeki peke yake inaanguka. Hapa tunasema kwa ukali: hakuna mwanachama atakayeingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki tu.

Shika tairi kushoto na kulia, lisukume na kulivuta. Likicheza, na mwenzako anaona fimbo inacheza kwenye kiungo, ni tairodi. Sasa lishike juu na chini, ufanye vilevile. Likicheza hivyo, tazama beringi za gurudumu au vile viungo vya juu na chini vinavyobeba gurudumu. Kwa gari ndogo ni boljointi. Kwa Land Cruiser kama yetu ni beringi za kwenye kifundo cha ekseli. Shusha, nenda tairi ya pili.

Mwisho tazama kila kifuko cha raba na kila pini. Raba iliyopasuka inakwambia kiungo kitakufa hata kama leo bado ni kizima. Pini ambayo si pini, waya au msumari, gari hiyo haitoki.

PALE MWENYE GARI ANAPOISHIA

Kuchunguza ni kazi yetu. Kubadilisha viungo vya usukani ni kazi ya fundi, lakini fundi tunayesimama karibu naye. Tumejifunza kumwambia mambo manne, kwa heshima.

Kwanza: "Fundi, tuonyeshe kinachocheza kabla hujakifungua." Fundi mzuri hakasiriki. Pili: kiungo cha usukani hakichomelewi wala hakifungwi kwa raba ya tairi, kinabadilishwa. Tatu: pini mpya kila nati inapofunguliwa, na pisi ya zamani turudishiwe mkononi. Nne: kabla ya kutoa tairodi, apige alama au ahesabu mizunguko anapoifungua, na mpya aiingize kwa mizunguko ileile. Hiyo inakufikisha karibu tu. Baada yake ni lazima kupima kama matairi yanatazama mbele sawasawa.

Hicho kipimo, pasipo mashine, tulikifanya kwa chaki na futi. Usukani umenyooka, unapiga alama katikati ya kila tairi ya mbele, upande wa nyuma, usawa wa katikati ya gurudumu, unapima kutoka alama hadi alama. Unasukuma gari mbele polepole mpaka alama zifike upande wa mbele kwa kimo kilekile, unapima tena. Vipimo viwili vinatakiwa kukaribiana sana, tofauti ya milimita chache tu. Ikiwa tofauti ni ya sentimita, matairi yataliwa kabla ya msimu kwisha. Mashine ya kupimia ikipatikana mjini, nenda. Chaki inakuonya tu.

HESABU, NA TULIYOAMUA

Tairodi za ncha zote mbili za ile fimbo, pini zake na kazi, vilitumia dola 75. Tulipima kwa chaki, tukakaza kila nati, tukaosha rimu. Dereva alikwenda Mboko na kurudi bila mzigo na bila mtu, mara mbili. Usukani umetulia. Baada ya hapo ndipo tukaruhusu abiria.

Yaani dawa ilikuwa ya dola 75, na tulitumia 450 kabla ya kuifikia. Hatuwasingizii mafundi. Walitueleza walichofikiri, na sisi tukalipa bila kuuliza "tuonyeshe". Aliyeshika pesa ni sisi.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Zile dola 150 za wanachama, watu wa komite na wa timu tutazirudisha kutoka mifukoni mwetu, dola 25 kila mwezi kwa miezi sita, na muhasibu atabandika karatasi ukutani kila mwezi. Wafadhili tumewaandikia mambo haya haya, bila kupunguza, pamoja na risiti zote. Boksi ya zamani tumeihifadhi. Mwenye gari ya namna hiyo anayeihitaji aje aione, tukubaliane, na pesa yake iingie kwenye sanduku.

Pili, kuna daftari ndani ya gari. Kabla ya kila safari dereva anaandika upepo, nati, mafuta ya usukani, na kama ameona kitu kipya. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaiinua gari na kuichunguza hapa uwanjani, kila mtu akiona. Yule mzee amekubali kutufundisha. Wamama pia waje. Mama mmoja ndiye aliyetuuliza kwa nini kulikuwa na msumari kwenye nati ya tairi ya nyuma, na hakuna mwanaume aliyekuwa ameuona.

Tatu, hakuna pisi ya zaidi ya dola 30 itakayonunuliwa mpaka watu wawili wameona kwa macho kinachoharibika, nao watie saini. Mzee alitufundisha kuufuata mwendo kutoka mkononi hadi kwenye tairi. Pesa ya chama nayo tutaifuata hivyo, kutoka mkono wa mwanachama hadi kwenye kitu kilichonunuliwa, na ikikwama mahali tulale chini tutazame.

Yule mtoto aliyezaliwa usiku ule, mama yake alikuja kutusalimu wiki iliyopita. Alikuja kwa miguu. Tulimwuliza kama atarudi nyumbani na gari, akaizunguka mara moja, akatazama tairi za mbele, akasema: "Mumeitengeneza kweli?" Tukamwonyesha pini. Akapanda.

Maswali sasa, na mwenye hasira aanze yeye.